Pete Nyeusi Kabla ya Kisu

Mgonjwa akishapewa majibu ya kipimo cha kinyama (biopsi) kuwa ana saratani ya mlango wa kizazi, mara nyingi huniuliza: "Sasa daktari, kama mmeshajua, MRI ya nini tena?" Ana haki ya kuuliza. Kinyama kimetaja ugonjwa; hakijasema umefika wapi.

Na hapo ndipo upasuaji unapoamuliwa. Katika upasuaji mkubwa wa saratani hii hatutoi kizazi peke yake. Tunaondoa pia tishu zinazokishikilia kulia na kushoto, sehemu ya juu ya uke, na tezi za limfu za nyonga. Ndani ya tishu hizo, kama sentimita 2 tu kutoka mlango wa kizazi, unapita mrija unaoshusha mkojo kutoka kwenye figo.

Nikifungua picha za MRI, jicho langu linatafuta pete nyeusi. Hiyo ndiyo nyama imara ya mlango wa kizazi. Uvimbe huonekana kijivu katikati yake. Pete ikiwa nzima mzunguko wote, tishu za pembeni karibu kila mara ni salama. Ikiwa imekatika na ule ukijivu umechomoza nje, ni hatua ya IIB, na hapo kisu si chaguo la kwanza: mama anahitaji mionzi pamoja na dawa za kemo. Uvimbe uliozidi sentimita 4 nao kwa kawaida hupelekwa huko.

Ninalihofia sana kosa la kufungua tumbo kwanza, kisha saratani ikutwe imeshavuka. Mama huyo atapasuliwa na bado atapigwa mionzi, na utumbo na kibofu chake vitabeba madhara ya yote mawili.

Kwa miaka mingi hatua za ugonjwa huu zilipangwa zaidi kwa vidole vya daktari. Mwaka 2018 shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake, FIGO, liliruhusu matokeo ya picha yahesabiwe, zikiwemo tezi za limfu. Picha nazo zina mipaka: tezi ndogo inayoonekana ya kawaida inaweza kuficha saratani.

Pasipo na MRI, altrasaundi ya figo isikose kamwe. Figo iliyojaa maji kwa sababu uvimbe umebana mrija wake inatosha kuahirisha kisu.

Mama, ukija kliniki, usilete karatasi ya ripoti peke yake. Lete na CD ya picha zenyewe, tuiangalie ile pete pamoja.