Sura ya Saba: Diski Inayozimia

Diski iliyokufa haimsumbui fundi. Unaichomeka, haiitiki, unampa mwenyewe habari mbaya na kazi imekwisha. Tabu ni ile inayozimia. Asubuhi inachapa kazi vizuri, saa nane mchana kompyuta inaganda, mshale hausogei, taa ya diski imewaka bila kupepesa. Unazima, unawasha, kila kitu kiko mahali pake.

Mama mmoja mwenye duka la steshenari aliniletea mashine ya namna hiyo. "Fundi, hii ina mashetani," akaniambia, na alikuwa na haki ya kusema hivyo maana ameshabadilisha diski mara mbili. Kila diski hujiandikia kumbukumbu za afya yake, ziitwazo SMART. Nilipozifungua, mstari namba 199 ulikuwa na makosa mamia. Diski ya wiki mbili!

Sasa, namba 199 haihesabu ubovu wa diski. Inahesabu data zilizoharibika njiani, kati ya diski na bodi. Kila furushi la data husafiri na namba yake ya uhakiki. Mpokeaji akipiga hesabu upya akapata jibu jingine, anataka litumwe tena. Yakiwa makosa mawili matatu, hujui hata kama yametokea. Yakizidi, mawasiliano yanakatika na kompyuta inabaki kungoja. Nikafungua ubavu wa kasha: waya mwekundu wa SATA umekunjwa, umebanwa na mfuniko, na kibanio cha chuma kwenye kichwa chake kimekatika. Waya mpya haukufika bei ya sahani ya pilau. Ila namba hiyo hairudi sifuri hata ukishatengeneza, na wengi hudanganyika hapo. Iandike kwenye karatasi, badilisha waya, halafu itazame tena baada ya siku kadhaa. Ikiwa imesimama palepale, umepona.

Ingekuwa ni 197 inayopanda, ningemwambia mengine kabisa. Mstari huo unahesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua izifanye nini. Diski ya kompyuta ya kawaida ni king'ang'anizi: ikikuta sekta isiyosomeka inarudia, inarudia tena, pengine hata zaidi ya dakika nzima. Linux, isipoagizwa vingine, huingoja sekunde 30 tu, kisha hukata shauri na kuianzisha upya. Kumbe haikuzimia, ilikuwa imezama kazini, haisikii ikiitwa. (Diski za seva nyingi huwekewa ukomo wa sekunde 7 hivi. Heri ikiri mapema kwamba imeshindwa, mwenzake ana nakala.) Ukiona 197 inapanda, acha majaribio. Nakili data siku hiyohiyo, za muhimu kwanza, kwa sababu kila saa ya kuipima unaikata kwenye uhai wake uliobaki.

Umeme nao una vituko vyake. Diski ya inchi 3.5 huzungusha mota kwa volti 12. Pawa saplai iliyochoka ikishuka kidogo, mota inalegea na diski inapotea. Kwa diski ndogo za nje, tazama tundu. USB 2.0 inaahidi miliampea 500, USB 3.0 inaahidi 900, na mota inapoanza kuzunguka huvuta kuliko wakati wowote. Ukisikia "tik", kimya, "tik" tena, usiichome moto bado. Jaribu waya mfupi, au habu yenye adapta yake.

SSD haina mota, lakini ina programu iliyofungwa ndani, na programu hukosea. Kisa ninachokipenda ni cha Crucial m4. Ikitimiza saa 5,184 za kuwashwa, yaani siku 216 kamili, iliacha kuitika. Ukiiwasha upya inafanya kazi kwa kama saa moja, inazimia tena. Kosa lilikuwa kwenye hesabu ya saa hizohizo. Ungebadilisha waya, pawa saplai na hata bodi nzima, ingezimia vilevile kila baada ya saa. Ndiyo maana nikiletewa SSD inayozimia naanza na saa zake za kazi na toleo la programu yake, bisibisi ikiwa bado mezani. Tiba ya m4 ilitoka Januari 2012: toleo jipya la programu, na data zote za mtu zikabaki ndani.