Maradhi ya Misuli Kuchoka: Tutafute Kinachoyachochea

Ndugu zetu katika imani, miastenia gravisi ni maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia mahali mshipa wa fahamu unapokutana na msuli. Kope huanguka, kitu kimoja huonekana viwili, kutafuna huchosha. Mgonjwa akipumzika hupata nafuu. Wengi wetu husema ni husuda au jini. Ruqya tusome, lakini dawa tusiache.

Mgonjwa awe na daftari. Kila anapozidiwa aandike kilichotangulia: homa, joto kali, uchovu, huzuni au dawa mpya. Kwinini ya malaria na sindano za gentamaisini huweza kuyazidisha maradhi haya, basi kila daktari aambiwe mapema.

Na Ramadhani? Vidonge vya pairidostigimini humezwa kila baada ya saa chache. Kuviacha mchana kutwa kwaweza kudhoofisha kumeza na hata kupumua. Akikatazwa na daktari mwaminifu, asifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Suratul-Baqara, aya ya 184 na 185. Anayetarajia kupona atalipa. Asiyetarajia atoe fidia, alishe maskini mmoja kwa kila siku. Asione haya: ruhusa hiyo ni rehema ya Mola wake.

Wallahu a'lam.