Kisu cha mufukoni: kila mukulima na chake

Siku ile tulikuja kuangalia kahawa ikipimwa kwenye stesheni ya kuoshea, upande wa Kalehe, si mbali na ziwa Kivu. Gunia la kwanza lilikuwa limefungwa kwa kamba ya nailoni, fundo limekaza kama jiwe. Kontable akainua kichwa: "Nani iko na kisu?"

Tulifikiri kitatoka kimoja. Vilitoka tisa. Vilitoka mu mifuko ya suruali, ndani ya boti, kwenye pembe ya kitenge iliyofungwa fundo, na kimoja kilitoka chini ya kofia. Mpaka leo hatujui kinakaa mule namna gani. Kabla kamba haijakatwa, watu walishaanza kubishana kisu cha nani kiko kizuri, na kahawa ikangoja. Njo pale tuliposema: siku moja tuandike juu ya jambo hili. Tumeandika mara mingi juu ya sekatere, juu ya musumeno wa kukatia matawi, juu ya pompi ya dawa. Juu ya kisu, ambacho mukulima anakishika mara makumi mbili kwa siku, hatujaandika hata mustari mumoja.

Kilichogombanisha watu zaidi ni chuma.

Muzee mumoja, mulima kahawa tangu ujana, alituonyesha kisu chenye mupini wa muti na ubapa mweusi. Mutu akikiona mara ya kwanza anafikiri kimeoza. Hakijaoza. Ni chuma cha kaboni, kisicho inoksi. Chuma cha namna hii kikikutana na maji ya limao, na kitunguu, na utomvu wa ndizi, kinageuka rangi: kijivu kwanza, halafu cheusi. Ile rangi si kutu. Kutu ni ile nyekundu inayokula chuma, na weusi ule unasaidia kidogo kuizuia. Uzuri wa chuma hiki ni kwamba kinanoleka haraka. Jiwe la muto, matone mawili ya maji, na muda mufupi kinanyoa nywele za mukono. Muzee alituonyesha, na mukono wake una sehemu moja isiyo na nywele kabisa. Ubaya wake: ukikisahau usiku mumoja ndani ya mufuko wenye maji, asubuhi unakikuta chekundu.

Inoksi haiogopi mvua. Lakini tuangalie ni inoksi gani. Ile nzuri inakaa na makali muda murefu, ila inataka jiwe zuri na uvumilivu. Ile ya bei rahisi inang'aa kama sahani mupya, na ndani ni laini: unainoa asubuhi, saa sita inakata kama kijiko. Wengi waliotuambia "inoksi haifai" walikuwa wamenunua ile ya pili.

Kati yetu sisi watatu tunaotayarisha gazeti hili, wawili tunachukua chuma cheusi na mumoja anachukua inoksi. Yule wa inoksi anasema yeye anakulia kisu chake, na hapendi nanasi lenye ladha ya musumari. Hatukumushinda kwa maneno, sababu ni kweli: kisu cha kaboni kipya kinatoa ladha kwenye matunda yenye ukali. Kikishakuwa cheusi inapungua.

Sasa majina. Kati ya visu tisa, vitatu vilikuwa Okapi, ao vilijiita hivyo. Ni kile chenye mupini wa muti na pete ya chuma mugongoni: ukikifungua kinalia tra-tra-tra, na kukifunga unavuta pete. Historia yake inatuchekesha sisi Wakongomani. Mwaka wa 1901 wataalamu wa Ulaya waliandika kwa mara ya kwanza juu ya okapi, nyama wa pori la Ituri ambaye wenyeji walimujua tangu zamani. Mwaka uliofuata, 1902, huko Solingen, Ujerumani, wakaanza kutengeneza kisu cha kuuza kwenye makoloni yao ya Afrika, wakakipa jina la nyama yule. Leo kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Kwa hiyo jina lilitoka kwetu, likazunguka Ulaya, likarudi mu soko kama kisu, na hatujapewa hata kimoja cha bure.

Okapi ni kisu cha nguvu na bei yake haitishi. Lakini ule mulio! Mumoja wa wenye Okapi alituambia ameacha kukitembeza barabarani, sababu siku moja kwenye barieri alikifungua ili amenye chungwa, na kila mutu akageuka. Hakuna aliyemufanyia kitu, ila chungwa halikumushuka vizuri. Tunamwelewa. Mutu anayesafiri sana na moto ao na boti, kisu kifupi, kisicho na mulio, kinamupunguzia maswali.

Kisu cha muzee wa ubapa mweusi kilikuwa Opinel. Kile nacho kimezaliwa kwa watu wa milima: Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka wa 1890 kule Savoie, Ufaransa. Vinahesabiwa kwa namba; namba 8 ina ubapa wa sentimeta 8 na nusu, na kwa mukono wa kawaida inatosha. Mwaka wa 1955 waliongeza pete ya kuzungusha shingoni, inayofunga ubapa usirudi kwenye vidole. Kwetu kina shida moja tu: muti wake unakunywa maji. Mu mvua ya mwezi wa kumi na moja mupini unavimba na ubapa unakataa kutoka. Usiufungue kwa meno. Tuliona mutu akifanya hivyo. Fungua pete, gonga kitako cha mupini kwenye kitu kigumu, ncha itatokeza, halafu uvute. Na wakati wa kiangazi paka mupini mafuta, uyanywe yenyewe badala ya maji.

Monitere wa koperative alitoa kile chekundu cha Uswisi chenye musalaba. Anakipenda juu ya mukasi wake mudogo na kifungulio cha kopo. Kwa kazi ya shamba ni kidogo, na vile vidogo havina kitu cha kukaza ubapa ukishafunguka. Yeye mwenyewe anasema: "Hiki ni cha biro, si cha kupanda mulima."

Hapo njo mama mumoja alitukatiza. Alikuwa na kisu kisichokunjwa, urefu wa kidole cha kati na kidogo zaidi, ndani ya ala ya ngozi ya mbuzi. Akasema: "Ile yenu ya kukunja ilinikata kidole, ikajifunga paka yenyewe. Na mukono ikiwa na maji ya muhogo, utafungua namna gani ile kitu?" Akatuonyesha kovu kwenye kidole cha shahada. Wanaume wakanyamaza kidogo.

Ana haki. Kisu cha kukunja kisicho na kikazo kinafunga kikisukumwa kwa ncha ao kikigongwa mugongoni. Kwa hiyo mwenye kisu cha namna hiyo asitoboe gunia kwa ncha, wala asikitumie kama kifungulio cha mukebe. Na ukijikata shambani, osha kwa maji safi na sabuni, halafu nenda kituo cha afya kuuliza juu ya sindano ya tetanosi, hata kama kidonda ni kidogo. Udongo wa shamba na mbolea ya nyama njo vinabeba ile hatari, si kutu peke yake kama watu wanavyosema.

Kisu cha mama yule kilitoka kwa fundi wa chuma wa kijijini, aliyekikata kwenye resori ya gari kuukuu. Tunapenda visu vya hivi kuliko tulivyotarajia. Chuma cha resori kina kaboni ya kutosha, na fundi anayejua kazi anakitia moto, anakizimisha mu mafuta, halafu anakirudisha kwenye joto kidogo ili kisivunjike. Anayeharakisha anakuuzia chuma kilichopigwa tu. Namna ya kujua: chukua tupa, ipitishe polepole karibu na makali. Ikiteleza, chuma kimekazwa. Ikiuma kama inakula muti, rudisha kisu, uulize bei ya kingine.

Kuna jambo tulitaka kuliacha, halafu tukaona kuandika juu ya visu bila kulisema ni kudanganya.

Mumoja wetu, musimu uliopita, alitembelea mashamba mawili kwenye kilima kimoja. Shamba la kwanza lilikuwa na migomba yenye majani ya manjano na mikungu iliyoiva kabla ya wakati. Akatoa kisu chake cha mufukoni, akapasua ndizi moja aone ndani. Ndani kulikuwa na madoa ya kahawia. Ilikuwa wilt, ule unyaufu wa bakteria ulioonekana Uganda mwaka wa 2001, na ambao Masisi haukuchelewa kufika. Akapangusa ubapa kwa jani, akakunja kisu, akaweka mufukoni. Katika shamba la pili, la mama kijana mwenye watoto wanne, akakata ua la mugomba ili kumufundisha namna ya kuliondoa mapema. Kwa kisu kilekile.

Wiki kadhaa zikapita. Mama akatuma neno: mashina matatu yamenyauka, na la kwanza ni lile la mafundisho.

Hatuwezi kuapa kwamba ni kisu chetu. Wadudu wanaotembelea maua wanabeba bakteria hizo, panga za majirani pia. Lakini tulijua tulichofanya, tukarudi kumwambia. Alisikiliza mpaka mwisho. Ndizi zile njo zilikuwa minerval ya watoto. Alisema tu: "Basi mukuje tukate pamoja." Tukakata kila mugomba mugonjwa chini kabisa, sawa na udongo, bila kung'oa shina lote, na baada ya kila mugomba panga likapita motoni. Mashina mengine yalisimama. Yale matatu tulirudi kuyaangalia kila mwezi, na tunaendelea.

Siku ile aliuliza pia: "Na ile kisu iko wapi?" Akapewa. Akakiweka juu ya makaa kama agronomu anavyofundisha kwa mapanga, na mupini wa plastiki ukayeyuka mbele yetu wote.

Njo hivyo tulielewa kwamba kisu cha mufukoni na mugomba haviendi pamoja. Moto unaosafisha panga unaharibu mupini wa kisu, na ubapa mwembamba ukipata joto mpaka ugeuke bluu, ugumu wake umekwisha. Utanoa kila siku bure. Maji ya javel yanaua bakteria, lakini yanaleta kutu kwenye chuma cha kaboni, na hata ukitumia inoksi, pale kwenye kiungo ambapo ubapa unakunjwa utomvu unajificha na javel haifiki vizuri. Kwa hiyo sisi tumeamua: kwenye ndizi panatumika panga ao kisu kisichokunjwa, kinachokaa shamba lilelile na kinachosafishwa kila mugomba. Ua dume linavunjwa kwa kijiti chenye panda, bila chuma chochote, mara tu chane ya mwisho inapokamilika. Na mugeni anayekuja na kisu chake, hata akiwa wa shirika, hata akiwa sisi, muna ruhusa ya kumuzuia.

Kakao ina maneno yake, kwa wenzetu wa Beni na Mambasa. Kisu kinafaa kukata kikonyo cha tunda, polepole, bila kuchubua ule uvimbe wa gome ambapo maua mengine yatatokea. Kupasua tunda, hapana: ubapa unakata punje ndani, na punje iliyokatwa inaingiza ukungu na wadudu. Rungu la muti linatosha.

Kunoa hatutaandika sana, kila mutu ana jiwe lake na kiburi chake. Laza ubapa kwenye jiwe, inua mugongo kidogo tu, peleka kama unataka kukata jiwe kipande chembamba, hesabu sawa pande zote mbili. Ukimaliza, tone la mafuta ya mawese ao ya kula kwenye kiungo. Mafuta ya moto hapana, kama unakulia kisu hicho.

Ukituuliza tungenunua kipi leo kwa pesa zetu, hatutajibu kwa sauti moja. Mumoja anabaki na Opinel yake na kuvimba kwake. Mumoja amekwenda kwa fundi wa mama yule na anangoja cha kwake. Yule ambaye kisu chake kiliyeyuka hajanunua kingine bado, anaazima.

Na gunia? Wakati wanaume wakibishana, mama wa ala ya mbuzi alikuwa ameshakata kamba, gunia likapandishwa kwenye mizani, na kontable akaandika kilo 58.