Kinga na Kinga: Usalama wa Wanaoishi Jirani na Kinu cha Nyuklia

Wahenga walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Methali hii husifu ushirikiano, lakini inaeleza barabara yanayojiri ndani ya kinu cha nyuklia. Kiini cha atomu ya uraniamu-235 kinapogongwa na nyutroni hupasuka, hutoa joto na kurusha nyutroni nyingine mbili au tatu ambazo huenda kupasua viini vingine. Hata hivyo, neno kinga lina maana mbili ambazo upatanisho wa kisarufi huzitenga: kinga cha moto na kinga ya mtu dhidi ya madhara. Usalama wa jirani wa kinu hutegemea jinsi kinga hii inavyokidhibiti kinga hicho.

Mfano ufaao ni kinu cha Koeberg, kilicho ufuoni takriban kilomita 30 kaskazini mwa Cape Town, Afrika Kusini. Kilianza kuzalisha umeme mwaka 1984, kikiwa cha kwanza cha aina yake barani Afrika. Maji yenye shinikizo kubwa huchukua joto la uraniamu na kulipitisha, kupitia kuta za mabomba, hadi kwenye maji mengine ambayo hugeuka kuwa mvuke na kuzungusha mitambo ya umeme. Maji ya bahari, katika mzunguko wa tatu, huupoza mvuke huo, kisha hurudi baharini yakiwa na joto zaidi. Mizunguko hiyo haichangamani.

Kati ya uraniamu na jirani pana vizuizi kadhaa. Fueli yenyewe hutengenezwa kwa umbo la vipande vigumu mithili ya kauri. Vipande hivyo hutiwa katika mirija ya metali, mirija ikawekwa ndani ya chungu kinene cha chuma cha pua, nacho chungu kikazingirwa na jengo la zege. Aidha, kinu cha namna hii hakiwezi kulipuka kama bomu la atomiki, kwa kuwa uraniamu-235 katika fueli yake ni takriban asilimia 3 hadi 5 tu.

Je, jirani hupokea mionzi? Naam, ila kidogo. Binadamu hupokea wastani wa milisiveti 2.4 kila mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Nchini Afrika Kusini, kinu hakiruhusiwi kumwongezea mkazi zaidi ya milisiveti 0.25 kwa mwaka.

Hatari kubwa, basi, haimo katika siku za kawaida. Hata mpasuko wa viini ukizimwa, fueli huendelea kutoa joto na sharti ipozwe. Mnamo Machi 11, 2011, matanuri yaliyokuwa yakifanya kazi Fukushima, Japani, yalizimika tetemeko lilipotokea, lakini tsunami ikaharibu jenereta za dharura. Upozaji ulikoma, fueli ya matanuri matatu ikayeyuka, na wakazi wa umbali wa kilomita 20 wakaamriwa kuhama.

Ndiyo maana kinga ya mwisho ni maandalizi ya wakazi wenyewe. Eneo la Koeberg lina mpango wa dharura unaofikia kilomita 16, pamoja na ving'ora vya kuwatahadharisha watu. Mkazi hupaswa kujua wakati wa kujifungia ndani, wakati wa kuhama, na wakati wa kumeza vidonge vya iodini. Vidonge hivyo huizuia tezi ya shingoni kufyonza iodini yenye mionzi, lakini havikingi dhidi ya mionzi ya aina nyingine.

Kwa Wakenya, suala hili si la mbali. Mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, waliandamana kupinga mpango wa kujenga kinu kwao, wakihofia bahari na riziki yao. Mwaka 2025 mpango huo ulielekezwa Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Popote kitakapojengwa, mvuvi atakuwa na haki ya kuuliza kuhusu maji, mionzi na taka, na kujibiwa kwa lugha anayoielewa. King'ora humwamsha mtu tu. Yaliyosalia hufanywa na maneno. Istilahi zilizo wazi, kwa hiyo, ni sehemu ya kinga, na kazi ya kuziandaa ni ya wanaisimu wa Kiswahili kabla ya msingi kuchimbwa.