Gari Linalokula Petroli na Kukohoa

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za maradhi mawili ya gari ambayo aghalabu huja pamoja. La kwanza ni kula petroli kupita kiasi. La pili ni injini kutetemeka na kukatakata badala ya kuunguruma kwa sauti moja. Nitaliweka gari letu Bwejuu, pwani ya mashariki ya kisiwa cha Unguja, kwa kuwa huko maradhi haya yamepata mahali pazuri pa kukulia: pana mchanga, pana chumvi, na mjini ni mbali.

Gari lenyewe na liwe mojawapo ya yale mafupi yenye nguvu katika magurudumu yote manne, kama Suzuki Escudo, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 1988, au Toyota RAV4, lililofuata mwaka 1994. Mengi yaliyofika Unguja yalikuwa yamekwisha tumiwa na Wajapani miaka mingi. Hata hivyo ni magari ya kufaa sana shamba. Mwenye nalo hupakia wageni, samaki na magunia ya mwani, na usiku hugongewa mlango ampeleke mgonjwa hospitali. Likila petroli maradufu, nauli yote huishia katika tangi. Na likizimika katika giza la msitu wa Jozani, anayepata taabu kubwa ni yule mgonjwa aliyelala kiti cha nyuma.

Kabla ya kumwita fundi, pima. Watu wengi humwendea fundi na manung'uniko, wala hawana hesabu. Mshale wa petroli ulio mbele ya dereva si shahidi wa kutegemewa. Jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, uandike namba ya kilomita. Endesha kama desturi yako. Kisha ujaze tena katika pampu ile ile, na uandike ni lita ngapi zimeingia. Kutoka Bwejuu hadi mjini, kwa njia ya Paje, Kitogani na Tunguu, ni kilomita kama 60, basi kwenda na kurudi ni 120. Ikiwa zimeingia lita 12, gari limekwenda kilomita 10 kwa lita moja, na gari la namna hii lenye injini ya lita 1.6 halina aibu kwa hesabu hiyo. Ikiwa zimeingia lita 20, limekwenda kilomita 6 tu, na hapo pana ugonjwa. Pima safari tatu, maana safari moja huweza kukudanganya.

Sasa tutazame ndani. Injini hizi hufuata kanuni aliyoionyesha Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876: pistoni huvuta mchanganyiko wa petroli na hewa, huubana, cheche huuwasha, kisha moshi hutolewa. Petroli haiwezi kuungua peke yake. Kwa uzito, sehemu moja ya petroli hutaka sehemu 14.7 za hewa. Enyi wanafunzi, chukueni kalamu. Lita moja ya petroli ina uzito wa karibu robo tatu ya kilo, kwa hiyo hutaka kilo 11 za hewa, nazo ni kama lita 9,000, yaani hewa ya kujaza chumba cha mita 2 kwa mita 2 chenye kimo kupita mtu mrefu. Basi asemaye kwamba gari hunywa petroli amesema nusu tu ya habari.

Katika magari ya zamani zaidi mchanganyiko huo ulitengenezwa na kabureta. Katika haya yetu petroli hunyunyizwa na nozeli, na anayeamrisha kiasi chake ni kompyuta ndogo. Kompyuta hiyo haioni wala haisikii. Ni kama karani aliyefungiwa chumbani, asiyejua jambo ila kwa barua zinazopenyezwa chini ya mlango. Waandishi wa barua hizo ni vipande viitwavyo sensa: mmoja hueleza joto la maji ya injini, mwingine kiasi cha hewa inayoingia, mwingine hukaa katika bomba la moshi akieleza kama kumebaki oksijeni. Barua ikiwa ya uongo, amri ya karani nayo itakuwa mbaya, ingawa yeye mwenyewe ni mzima. Kwa hiyo mtu akikwambia upesi upesi kwamba kompyuta imeharibika na inunuliwe nyingine, usifungue mkoba bado.

Mdanganyifu mkubwa katika nchi zetu hizi ni kipande ambacho mara nyingi hakipo kabisa. Huitwa themostati. Ni mlango mdogo katika njia ya maji baina ya injini na rejeta; ndani yake mna nta, na nta ikiyeyuka hufura na kuusukuma mlango ukafunguka, kwa kawaida maji yafikapo joto la digrii 82 hivi au 88. Kabla ya hapo mlango umefungwa, ili injini ipate moto upesi. Mafundi wengi huitoa na kuitupa, wakisema kwamba hiyo ni ya nchi za baridi, na sisi hapa jua latutosha. Maneno haya yana ladha ya akili, lakini si kweli. Joto la mchana wa Bwejuu ni digrii 30 na kidogo, na injini hutaka zaidi ya 80. Bila themostati maji huzunguka katika rejeta tangu mwanzo, upepo wa njiani huyapoza, na injini haifiki joto lake. Sensa ya maji huandika barua ya kweli kabisa kwamba injini bado baridi. Karani huamini kwamba ni alfajiri gari limewashwa sasa hivi, naye huongeza petroli, kutoka Paje mpaka Tunguu, na kutoka Tunguu mpaka Darajani.

Dalili yake ni rahisi kuijua. Mshale wa joto hupanda gari linaposimamasimama katika msongamano wa Darajani, kisha hushuka chini mara lipatapo njia nyeupe. Themostati mpya si kitu cha bei kubwa. Lakini kwanza ulizeni kwa nini ya zamani ilitolewa. Mara nyingi gari lilikuwa likichemka kwa sababu rejeta imeziba, au feni haizunguki, au pampu ya maji imechoka, na kutoa themostati kuliuficha ugonjwa usionekane. Rudisheni themostati bila ya kusafisha rejeta, na gari litachemka tena, na lawama itaiangukia themostati.

Huenda ikawa themostati ipo, na mwongo ni sensa yenyewe. Fundi mwenye mita ya umeme ataijua. Katika Toyota nyingi za miaka ile, sensa ya maji hupimwa oum 2,000 hadi 3,000 katika joto la digrii 20, na kama 300 tu katika digrii 80. Isiposhuka inapopata moto, haifai.

Na kukohoa kunatoka wapi? Petroli iliyozidi haiungui yote. Masizi hukaa juu ya plagi, cheche hudhoofu, na silinda moja hukosa kuwaka. Mafundi husema gari linamisi. Hapa ndipo maradhi mawili yashikanapo mikono. Silinda isipowaka, hewa yake hutoka nzima pamoja na oksijeni yake, ikapita mbele ya sensa ya bomba la moshi. Sensa huandika: kuna hewa nyingi kupita kiasi. Karani naye huongeza petroli tena! Hivyo plagi moja mbovu, kitu kidogo kama kidole, huweza kuzichafua silinda zote.

Fungueni basi plagi zote, injini ikiwa imepoa, mzipange mezani kwa namba za silinda zao. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ni nzima. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe kama chokaa, hewa imezidi au joto ni kali. Nyeusi yenye mafuta, oili inapanda, na hiyo ni shughuli nyingine ya gharama. Zote zikiwa nyeusi, tafuteni mwongo mmoja mkubwa. Ikiwa moja tu, shughulikeni na silinda hiyo na waya wake.

Waya za plagi na kofia ya distribyuta huteswa sana na pwani ya mashariki. Kaskazi huleta chumvi, na kusi huleta chumvi. Chumvi ikishika unyevu hupitisha umeme, na cheche zikaruka pasipo mahali pake. Usiku, mahali pasipo taa, fungueni boneti injini ikiwaka, mtazame: mkiona vimwale vya buluu vikitambaa juu ya waya, mmekwisha mpata mwizi. Msiguse, kwani umeme huo ni wa maelfu ya volti. Tazameni pia vifungo vya waya za sensa na waya wa betri uliofungwa katika chuma cha gari, kama vimeota kutu ya kijani.

Mipira ya hewa iliyopasuka kwa uzee huvuta hewa ya wizi, na injini hutetemeka gari likiwa limesimama. Sikilizeni mlio wa kufyonza. Wengine hunyunyiza petroli juu ya mipira ili wasikie kama sauti itabadilika. Huo ni wazimu, moto utawaka. Maji kidogo katika chupa ya kunyunyizia yatosha, nayo yaelekezwe kwenye mipira, yasifike kwenye waya za plagi. Chujio la hewa lililojaa vumbi jeupe la matumbawe libadilishwe tu, halina maneno mengi.

Taa ya injini ikiwaka mbele ya dereva, msiifunike kwa karatasi. Toyota za miaka ya 1990 zina namna ya kuizungumzisha: fundi huunganisha matundu mawili maalumu katika kijisanduku kilicho chini ya boneti, na taa hupepesa kwa hesabu. Mbili kisha moja, yaani 21, ni sensa ya bomba la moshi. 22 ni sensa ya joto la maji. Matundu akosee asiyejua, ataunguza kitu. Kazi hii iachiwe mwenye kitabu cha gari hilo.

Yako pia mambo yasiyohusu injini hata kidogo, na kwa kuwa hayagharimu kitu, mimi ningeyatazama siku ya kwanza. Escudo lina mkono wa kuunganisha magurudumu ya mbele. Dereva huuvuta apite mchangani Bwejuu, kisha husahau, akaenda lami yote hadi mjini magurudumu yakishindana. Usukani huwa mzito katika kona, na petroli huisha. Vivyo hivyo aliyepunguza upepo wa tairi kwa ajili ya mchanga na asiujaze tena. Mwisho ni breki, ambazo chumvi huzikamatisha. Gari likifika nyumbani baada ya mwendo wa taratibu, karibisheni mkono kwenye kila gurudumu bila kuligusa. Moja likitoa joto kupita wenzake, breki yake haiachii. Na injini, masikini, imeburura gurudumu hilo tangu mjini.