Nywele za Mtoto katika Nchi ya Mahindi

Katika Mkoa wa Iringa, ambao malori yake ya mahindi huteremka Mlima Kitonga usiku na mchana kwenda kulisha watu wa mbali, wako watoto ambao nywele zao hugeuka rangi, zikaacha weusi wake na msokoto wake, zikawa nyekundu kama kutu, laini, chache na za singa, kisha zikang'oka kwa kuguswa tu bila ya mtoto kulia. Habari hii niliipata kama neno la kupita kutoka kwa muuguzi mmoja mstaafu, aliyetumikia wodi za watoto Mbeya na Iringa kwa sehemu kubwa ya umri wake, nayo ikanikaa moyoni hata nikarudi kwake kumwomba anieleze tangu mwanzo.

Bibi huyu, ambaye majirani wote humwita Mama na ambaye mimi pia nilimwita hivyo, hakuanza na mizani wala na kadi ya kliniki. Alianza na utosi. Mtoto alipoletwa mbele yake, alisema, mkono wake ulitangulia kichwani kwa upole ili mtoto asiogope, ukachagua unywele mmoja wa kisogoni, ukaunyoosha baina ya vidole viwili kuelekea mwanga wa dirisha. Nywele zetu zimejisokota, na habari zake zimo ndani ya msokoto. Sharti unywele unyooshwe ndipo usomeke. Hapo ndipo ilipoonekana mikanda: ncha nyeusi, kisha kipande kilichopauka kama majani makavu, kisha, kwa mtoto aliyejaliwa, weusi tena shinani. Ncha ni ya zamani na shina ni la juzi. Kwa kuwa nywele za mtu mwenye siha hurefuka kiasi cha sentimita moja kwa mwezi, na za mtoto dhaifu hujikokota zaidi, Mama aliweza kukadiria, bila ya kudai yakini, kwamba mtoto huyu alikuwa akila vizuri mpaka wakati wa kupanda, akaanza kupungukiwa kifuku kilipokolea na mama yake akawa shambani akipalilia tangu alfajiri, na kwamba nafuu ilirudi maharage mabichi yalipoanza kuchumwa. Matabibu huiita dalili hiyo alama ya bendera, kwa ajili ya mikanda yake; yeye aliiona kuwa ni daftari la chakula ambalo mtoto hulibeba kichwani asijue.

Nilimwuliza kama akina mama walishangaa kuambiwa miezi ya shida yao na mtu asiyewajua. Akanijibu kwamba wengi hawakushangaa, bali walilia, kwa sababu walikuja wakitazamia lawama ya namna nyingine. Msomaji anayeijua nchi hii anafahamu kwamba mtoto akivimba miguu, akapauka nywele na kununa mchana kutwa, mitaani husemwa kuwa amebemendwa, yaani wazazi hawakujizuia wakati wa kunyonyesha, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Tuhuma hiyo humwangukia mwanamke kwanza. Mama aliwaona wanawake waliomfunga mtoto khanga kichwani wakati wa joto, na aliwaona wengi zaidi ambao, kabla ya kupanda gari kwenda hospitali, walichukua wembe wakamnyoa mtoto kipara. Daftari lote likaishia jalalani. Aliposimulia hayo, sauti yake haikuwa ya kuwashutumu. Alisema kwamba hata yeye, kama angalikuwa katika hali yao, angaliushika wembe.

Maradhi yenyewe ni unyafuzi. Aghalabu humpata mtoto aliyekwisha kulikizwa, hasa yule ambaye mdogo wake yuko njiani, akaachwa kwa dada yake mwenye umri wa kwenda shule na sufuria ya uji mweupe usiochanganywa na chochote. Miguu huvimba maji, uso hujaa hata mgeni akamdhania amenona, na ngozi ya mapaja na matako huwa na mabaka meusi yanayokauka, yakapasuka na kubambuka vipande, yakaacha chini yake ngozi nyekundu inayouma kama iliyoungua. Mtoto hataki kucheza, hataki kula, hataki kushikwa.

Kwa nini nywele na ngozi zitangulie kusema? Sababu ni bayana kiasi. Unywele ni protini karibu tupu, na chembe za shina lake ni miongoni mwa zile zinazozaliana upesi kupita zote mwilini. Mwili unapopungukiwa huulinda moyo na ubongo, ukapunguza matumizi pasipoua haraka. Mwaka 1967 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Robert Bradfield na wenzake wa Marekani, waliowalisha watu wa kujitolea chakula kisicho na protini na kung'oa nywele zao chache mara kwa mara ili kuzitazama kwa hadubini. Mashina yalisinyaa mapema, kabla vipimo vya damu havijaonyesha upungufu wowote. Nilipomsimulia Mama habari hiyo alitikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyeletewa shahidi baada ya kesi kwisha.

Lakini kujua kwamba nywele husema kweli si kujua chanzo cha maradhi, na katika jambo hili wataalamu wamevutana kwa miaka mingi. Mwaka 1933 Daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyewatibu watoto wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya maradhi ya watoto yanayofuatana na chakula cha mahindi. Hugh Stannus, aliyepata kuwa tabibu Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe kutoka Mbeya, akampinga na kushikilia kwamba ni pelagra, ugonjwa wa lishe unaojidhihirisha kwenye ngozi, alioufahamu yeye. Hugh Trowell wa Hospitali ya Mulago, Kampala, naye aliyaita pelagra ya watoto wachanga kabla ya kuibadili rai yake, na mwaka 1954 akatoa pamoja na wenzake kitabu kizima juu ya unyafuzi. Tangu hapo shule nyingi zimefundisha kwamba ni ukosefu wa protini, basi.

Laiti ingekuwa hivyo tu! Mwaka 2013 ulichapishwa uchunguzi wa jozi 317 za mapacha wa Malawi, waliofuatwa tangu utoto wao mchanga mpaka umri wa miaka 3. Katika jozi 43 kwa kila 100, pacha mmoja alipata utapiamlo mkali na mwenzake akasalimika, ilhali nyumba ni moja, mama ni mmoja na chungu ni kimoja. Wachunguzi walielekeza kidole kwenye vijidudu vya tumboni, nao walipovihamishia katika panya waliolishwa chakula cha Kimalawi, panya waliopewa vya mtoto mgonjwa walikonda sana. Mama alikuwa amewaona mapacha wa namna hiyo wodini, mmoja amevimba na mwingine anakimbia kati ya vitanda, na ndipo alipokoma kabisa kumwuliza mzazi yeyote amekosea wapi.

Iko pia shaka juu ya mahindi yenyewe. Watafiti Watanzania wakiongozwa na Candida Shirima, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2015, waliwafuata watoto 166 wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro, wakiwamo wa kijiji cha Nyabula, Iringa. Waliona kwamba watoto ambao mkojo wao ulionyesha zaidi fumonisini, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi, walikuwa wafupi kuliko wenzao. Udumavu si unyafuzi, na ni lazima tusivichanganye. Hata hivyo mtu anayejua kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliukuta udumavu Iringa kwa asilimia 56.9 ya watoto walio chini ya miaka 5, wakati wastani wa nchi ulikuwa 30, hawezi kulitazama gunia lililolowa mvua akatulia. Je, sumu hiyo ina mkono pia katika kupauka kwa nywele? Na kwa nini mkoa wenye neema ya nafaka uizidi kwa udumavu mikoa inayoiomba? Mama hakujaribu kunijibu. Alisema tu kwamba nafaka ghalani huuzwa kulipa ada na mbolea, na yai la kuku hufuata njia hiyo hiyo, na mwenye kuuza si mwenye kupika.

Tiba ipo. Maziwa maalumu hutolewa kidogo kidogo usiku na mchana, kwa sababu mtoto huyu akishindiliwa chakula kwa pupa aweza kufa. Kisha hufuata chakula dawa kilichosagwa kwa karanga, maziwa, mafuta na sukari. Na dawa za kuua vijidudu zina nafasi yake, kama walivyothibitisha watoto 2,767 wa Malawi katika utafiti mwingine wa mwaka 2013. Uvimbe huondoka kwanza, ngozi hufuata baada ya wiki kadhaa, na nywele ndizo huchelewa. Weusi hurudi shinani mtoto akiwa amekwisha anza kucheza. Kwa hiyo Mama aliwasihi wazazi wasimnyoe hata baada ya kutoka wodini, ili akirudi kliniki asomwe tena.

Nami nachukua ombi lake na kulipeleka kwa wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini, na kwa majirani wepesi wa kunong'ona kabla ya kuwaendea wenyewe. Mtoto akipauka nywele, usimnyoe wala usimsengenye mama yake. Mbonyeze juu ya nyayo zote mbili kwa vidole gumba, uhesabu mpaka tatu, na shimo likibaki, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.