Kufufua Gari la Vipande: Somo la Lotus Seven

Gari kuukuu linapokosa kipuri, watu wengi hudhani kwamba taabu ya fundi ni kukitafuta tu. Kikipatikana, kazi imekwisha. Magari yaliyouzwa yakiwa vipande, ili mnunuzi ayaunganishe mwenyewe, huonyesha kwamba dhana hiyo ni nusu tu ya ukweli. Katika gari la namna hiyo kipuri chaweza kupatikana, kikaingia mahali pake sawasawa, na bado kikavunjika.

Mfano mzuri ni Lotus Seven, gari dogo la viti viwili lililoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1957 na kampuni ya mhandisi Colin Chapman. Siku hizo gari jipya lililokamilika lilitozwa kodi ya ununuzi, lakini vipande vilivyouzwa kuunganishwa nyumbani havikutozwa. Husimuliwa kwamba, kwa kuwa maelezo ya kuunganisha yangeliingiza gari katika kodi, wanunuzi walipewa maelezo ya kulifungua, nao wakayasoma kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Nafuu hiyo ilikoma mwaka 1973, kodi ya ongezeko la thamani iliposhika mahali pa kodi ya zamani. Mwaka huohuo haki za kulitengeneza gari hili zilihamia kampuni ya Caterham.

Gari lenye wazazi wengi

Umbo la Lotus Seven ni fremu ya mabomba membamba ya chuma, iliyofunikwa kwa mabati ya alumini. Uzito wa matoleo ya kwanza haukufika kilo 500. Sehemu nyingi za mitambo hazikubuniwa kwa ajili yake, bali zilichukuliwa kwenye magari ya kawaida. Magari mengi ya kwanza yalitumia injini ya Ford ya sentimita za ujazo 1172. Toleo la pili, lililotoka mwaka 1960, lilipewa ekseli ya nyuma ya Standard Ten, gari la kawaida la familia.

Kwa hiyo atafutaye kipuri hana budi kujua kwanza asili yake. Akiulizia ekseli ya Lotus huenda asiipate. Akiulizia ya Standard Ten njia humfungukia. Na pale ambapo asili haijulikani, msaada wake ni vipimo: kipenyo, urefu, namba ya beringi na hesi, yaani mikato inayozunguka boliti. Macho peke yake hudanganya. Boliti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, na boliti ya kimetriki ya M8 ina milimita 8. Mkononi ni kama mapacha. Lakini boliti nyembamba ya kipimo cha inchi, aina ya UNF, huwa na hesi 24 katika kila inchi, yaani nafasi ya milimita 1.06 kutoka hesi hadi hesi, ilhali ile ya M8 ya kawaida ina nafasi ya milimita 1.25. Ukiilazimisha moja katika nati ya nyingine, hesi hukatika, na boliti haitashika tena.

Ekseli iliyobebeshwa kazi nyingine

Hata kipuri cha asili chaweza kuwa na udhaifu. Katika Standard Ten ekseli ilishikwa na springi za mabamba, karibu na ncha zake mbili. Katika Lotus Seven ya toleo la pili springi hizo ziliondolewa, na ekseli ikashikwa chini ya difrenshali, katikati kabisa, kwa mkono wenye umbo la herufi A. Nguvu zilizokuwa zikigawanyika sehemu mbili sasa zilikusanyika mahali pamoja. Ganda la ekseli lilipinda kidogo kila gari lilipoondoka au kukata kona. Mafuta yakavuja, na baada ya muda ganda likapasuka.

Kuongeza nguvu ya injini huzidisha tatizo. Injini ya Standard Ten haikufikia nguvu za farasi 40. Mwaka 1961 Lotus Seven ilipewa injini ya Ford ya sentimita za ujazo 1340 iliyorekebishwa na kampuni ya Cosworth, yenye takriban nguvu za farasi 85. Fikiri juu ya injini yenye nguvu ya msokoto ya nyutonimita 100. Gia ya kwanza ikiuzidisha msokoto huo mara 3.5, na difrenshali ikauzidisha mara 4, ekseli hupokea nyutonimita 1400. Injini ikiongezewa nusu ya msokoto wake, ekseli ileile hupokea 2100. Kila kinachoongezwa mbele hufika nyuma kikiwa kimekuzwa mara 14.

Kazi ya mfufuaji

Fundi mwangalifu huanza kwa kuchunguza. Mabomba ya fremu huoza kwa ndani, ambako kutu haionekani. Pale alumini inapogusana na chuma penye unyevunyevu, umeme mdogo huzaliwa, na alumini huliwa polepole. Ganda la ekseli husafishwa na kupakwa kimiminika chenye rangi, ambacho hupenya katika nyufa ndogo. Likishapanguswa na kunyunyiziwa unga mweupe, rangi hujitokeza na kuchora ufa. Ganda lililo zima huimarishwa kwa bamba la chuma linalochomelewa kwa uangalifu, kwa sababu joto nalo laweza kulipinda.

Breki nazo zitangulie injini. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi: gari litokalo kilomita 80 kwa saa hadi 120 hubeba nishati mara 2.25, na yote hapana budi igeuzwe kuwa joto na breki zilezile.

Wako wanaopinga badiliko lolote, wakisema gari hupoteza uhalisi wake. Hoja hiyo ina uzito, kwani gari kuukuu ni kumbukumbu ya uhandisi wa zama zake. Lakini ekseli ikivunjika njiani, hasara haiishii kwenye kumbukumbu. Njia ya busara ni kuimarisha palipo dhaifu, kukihifadhi kipande cha zamani, na kuandika kila kilichobadilishwa pamoja na vipimo vyake. Fundi atakayelifungua gari hilo miaka 30 baadaye hatalazimika kubahatisha.